Kipande cha Sabuni

Alhamisi, 15 Machi 1984

Nachambua mchele tangu asubuhi. Mawe mengi mwaka huu. Nikimaliza sinia moja, Mama Zaina jirani yangu ananisukumia jingine. Si kwamba tuna wageni wa kula mchele wote huo. Anaogopa mikono yangu ikikaa bure.

Eda. Miezi minne na siku kumi. Nguo nyeupe tupu, hakuna mafuta ya kunukia, hakuna sabuni ya kunukia, hakuna hina, hakuna kuvuka kizingiti. Wanaume wasio wanangu nasema nao nyuma ya pazia. Nimechukua daftari la zamani la mwanangu Sumaili, lina kurasa nyeupe nyingi. Masista walinifundisha mwandiko mzuri na haujawahi kunifaa kwa lolote. Labda sasa.

Ramazani alikufa Jumanne ya wiki jana. Presha. Alikuwa anavaa viatu aende ofisi ya zoni. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akaanguka.

Mazishi sitaki kuyaandika, lakini ndiyo sababu ya kuchukua daftari. Watu walijaa mpaka barabarani. Alikuwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu hapa Mikelenge, Kindu, miaka mingi, nani angethubutu kukosa? Kabla jeneza halijatoka, Bakari, mdogo wake, akasimama mlangoni, ilivyo desturi. Akasema: "Marehemu alikuwa muntu, na muntu anakosa. Kama alikosea mumoja wenu, tunaomba mumusamehe." Wanaume wakaitika pamoja: tumemusamehe. Akaelekeza maneno kwetu wanawake ndani. Tukaitika. Sauti moja ikabaki nyuma ya zingine.

"Miye hapana. Miye simusamehe."

Feza, yule anayeuza mawese sokoni. Bakari akauliza kuna nini. Angenyamaza tu, mjinga yule. Feza akajibu kwa sauti ya kawaida, kama anataja bei: "Alinifunga ndani ya kasho juu ya kukosa salongo. Akarudi peke yake, akanishika kwa nguvu. Miaka kumi na moja sasa." Wanawake wakamvuta nje kwa kanga yake. Jeneza likatoka. Nilikuwa nimeshika chetezo cha udi na nilitamani kumrushia na makaa yake.

Mbele ya maiti! Mbele ya watoto wake!

Jumamosi, 17 Machi

Siku ya salongo. Kazi ya lazima ya kila Jumamosi, kufyeka barabara, kuzibua mifereji. Nimesikia majembe yakipita nje ya ukuta. Filimbi ya kuitia watu haikulia. Filimbi ya Ramazani iko juu ya kabati na kamba yake nyekundu. Miaka yote nilichukia mlio wake. Alikuwa ananipulizia sikioni alfajiri, mzaha wake huo, nami namtukana. Leo nimelilia filimbi.

Feza namchukia.

Jumanne, 20 Machi

Bakari amekuja. Nimemsikiliza nyuma ya pazia, Sumaili kakaa kati yetu. Komiseri wa zoni anataka Sumaili ashike nafasi ya baba yake. Mtoto wa chama, amesoma, anafanya kazi ya ofisi kwenye reli. Lakini maneno ya Feza yamefika sokoni, yamevuka mto hadi Alunguli. Komiseri ameyasikia. Hapendi shefu mpya anayeanza na uchafu mlangoni.

"Shemeji, yule mwanamuke ametumwa," Bakari kasema. Na nani? Hajui. Ametumwa tu.

Kisha akauliza yale ambayo kila mtu anauliza. Kwa nini alinyamaza miaka kumi na moja? Kwa nini amsubiri mtu afe, asiweze kujibu? Nani aliona? Maswali mazuri. Nimeyashika yote kichwani. Yamenituliza kuliko visomo vya wiki nzima.

Sumaili alikuwa anavutavuta uzi wa mkeka.

Jumapili, 25 Machi

Feza amekuja kwangu.

Mama Zaina aliingia na uso wa kuomba radhi, akasema yuko uani. Ningemfukuza, lakini nyumba iko kwenye matanga na mlango uko wazi kwa kila anayekuja kutoa pole. Na nilikuwa na maswali yangu tayari. Nikasema aingie, Mama Zaina abaki nje.

Mwembamba. Kucha nyekundu kwa mawese. Amekaa mbali nami, karibu na mlango. Nilimuuliza moja baada ya jingine, kama polisi.

Kwa nini ulinyamaza? "Ningesemea nani, mama? Shefu alikuwa ndiyo yeye. Polisi walikuwa wanakunywa chai kwake." Chai hiyo nilikuwa naipika mimi. Alimwambia mama yake tu, na mama yake akamkataza: nyamaza, bwana yako atakuacha. Akanyamaza. Bwana yake, aliyekuwa anafanya kazi mgodini Kalima, akamwacha vilevile.

Kwa nini mbele ya maiti? Akasema hakuja kwa nia ya kusema. Alikuja kwa kuwa kartie nzima ilikuja na asiyekuja angeonekana. Alitaka kukaa pembeni na kurudi sokoni. "Kunyamaza niliweza, mama. Nimezoea. Lakini walituambia tuseme tumesamehe. Kudanganya mbele ya maiti, mudomo ilikataa."

Nikamwambia asimulie basi.

Mtoto wake alikuwa na homa siku ile, akampeleka dispansari, akakosa salongo. Jioni Ramazani akamfunga kasho, chumba cha mahabusu cha kartie, akatia kufuli la kadenasi. Mtoto akabaki kwa bibi. Mlinzi akaenda zake. Ramazani akarudi. Neno lenyewe ni kubaka. Yeye hakulitamka. Nimeliandika mimi.

Asubuhi akamfungulia. Akampa kipande cha sabuni ndani ya gazeti. Sabuni nzuri, ya kunukia. "Akaniambia: oga, mama, yamekwisha."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya mchele. Ikasimama.

Feza ameaga, ameondoka. Hakuniomba nimwamini. Mama Zaina aliponiuliza kasema nini, nikamjibu ni yale yale.

Jumapili ileile, baada ya alasiri

Naandika haraka kabla wageni hawajaja.

Ramazani alinipiga mara chache. Si kama wengine. Nilijiona nina bahati. Na kila aliponipiga, asubuhi yake nilikuta juu ya kitanda kipande cha sabuni ndani ya gazeti. Ya kunukia, kutoka duka la karibu na stesheni, hata miaka ile ambayo Kindu nzima iliogea majivu. Alikuwa anasimama mlangoni, shati limepigwa pasi, beji ya chama kifuani, anasema: "Oga, mama, yamekwisha." Nami naoga. Nikitoka bafuni nachemsha chai. Hatukuzungumza tena jambo lile.

Hakuna anayejua. Mama Zaina mwenyewe, tunayekopeshana chumvi tangu tulipoolewa, nilimwambia niliteleza kisimani. Mama yangu alikufa hajui. Feza angeyajua kwa nani?

Jumatatu, 26 Machi

Sabuni iko kila nyumba. Mtu yeyote anaweza kumpa mtu sabuni.

Labda alikuwa na huruma naye tu, kalala kasho, ana vumbi.

Labda Feza aliyasikia maneno yale mahali.

Wapi?

Namwamini. Sitaki. Namwamini. Nimekataa chakula cha mchana na Mama Zaina kasema, maskini, leo ndiyo kifo kimemwingia.

Jumatano, 11 Aprili

Mzee Kalonda, mlinzi wa kasho wa zamani, amekuja kutoa pole kutoka Kailo. Kuku mmoja na ndizi. Amekaa upande wa pili wa pazia akikohoa. Nimesubiri mpaka Mama Zaina alipokwenda kumpikia.

Nikamuuliza: siku ile ya Feza, ufunguo ulikuwa kwa nani?

Aliacha kukohoa. Kisha: "Ufunguo ilikuwa ya shefu siku zote. Miye alinituma nyumbani." Nikauliza kama alikuwa anamtuma nyumbani kila anapofunga mtu. "Hapana, mama. Wanaume, nililinda. Wanawake, alinituma nyumbani."

Wanawake. Si mwanamke. Kalonda alisikia alichokisema, nami nilikisikia.

Nikamwomba aseme hayo mbele ya Mwalimu Athumani wa msikiti. Akaanza kukohoa tena. "Miye niko na watoto, mama. Na mukubwa wa kule Kailo iko wa chama vilevile." Amekula wali, ameomba dua, ameondoka kabla ya jua kuzama. Bakari alipouliza jioni kama mzee alisema lolote, Mama Zaina kajibu alilia sana. Labda alilia.

Wanawake wangapi?

Jumapili, 15 Aprili

Arobaini ya Ramazani. Kisomo, pilau, uani kumejaa. Mtu wa komiseri alikuwapo na abakosi yake, lile koti la wakubwa wa chama, amewekewa kiti peke yake wakati wengine wako kwenye mikeka.

Feza akaja. Akasimama langoni na kusema, kila mtu akasikia: "Mukisema niko mwongo, nipeni msahafu niape."

Zogo. Mwalimu Athumani akawatuliza. Yeye ndiye anaongoza msikiti wetu, mtu mpole, nilimpenda siku zote. Akaeleza taratibu. Mashahidi wanne hakuna. Mwenyewe aliyesemwa ni marehemu, hawezi kukubali wala kukana. Basi yamebaki mayamini, viapo. Feza ataapa aliyotendewa. Kisha mmoja wa warithi ataapa kwamba hajui jambo hilo. Mrithi akiapa, neno la Feza limeanguka, na atatubu kwa kumsingizia mtu. Mrithi akikataa kuapa, neno la Feza limesimama.

Bakari akafurahi. Nilisikia furaha kwenye sauti yake. Akasema aape mjane. Nani anamjua mtu kuliko mke aliyelala naye miaka yote? Akiapa Mama Sumaili, hata soko litanyamaza. Wanaume wote wakakubali. Hakuna aliyeuliza upande wa pili wa pazia kama nakubali.

Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, kabla ya Ramadhani.

Jumatatu, 16 Aprili

Yamini yenyewe: "Wallahi sijui kwamba mume wangu alimtendea Feza hayo."

Mwalimu kanielezea kwa upole sana. Ulikuwapo? Hapana. Uliona? Hapana. Basi hujui, binti yangu, na kiapo chako kitakuwa kweli. Huna dhambi.

Ni kweli. Sijui. Kasho sijawahi kuingia. Naweza kuapa na Mungu asinikute na neno hata moja la uongo. Nimelirudia kimoyomoyo mchana kutwa nikichambua mchele, na kila mara limetoka limenyooka.

Ijumaa, 4 Mei

Nimemwambia Sumaili kuhusu sabuni.

Sikukusudia. Alikuja kunisihi. Magoti chini, mtu mzima yule. Mama, ukikataa, nafasi ya shefu inakwenda kwa wengine, hiyo si kitu. Lakini baba atatukanwa kaburini, na dada zangu watatu hakuna atakayewaoa vizuri. Yote kweli. Mwanangu si mbaya. Anaponisihi anashika mguu wangu kama alipokuwa mdogo.

Nikamwambia kila kitu. Kupigwa. Gazeti. Maneno ya mlangoni. Na kwamba Feza ameyatamka maneno yaleyale, kwenye chumba hiki, bila kuambiwa na mtu.

Akaniachia mguu. Alikaa. Nikaona anakumbuka, maana harufu ile alikuwa anaipenda, alikuwa anaingia bafuni baada yangu kunusa. Alijua asubuhi za sabuni. Hakujua sababu.

Nikangoja.

"Sabuni iko sabuni, mama," kasema. Akainuka, akafunga vifungo vya mikono ya shati. Ameniambia niape tu.

Jumapili, 6 Mei

Mchele umekwisha. Nimemwomba Mama Zaina anitafutie maharage ya kuchambua.

Ijumaa, 11 Mei

Imefanyika. Niandike nilivyoona, ingawa sikuona, nilisikia.

Baada ya sala ya Ijumaa wakaja wote. Mtu wa komiseri pia, kiti kilekile. Feza akaletwa mbele yao. Wakampa msahafu. Aliapa kwa sauti kubwa, pole pole, kila neno mahali pake. Hakulia, na nikasikia mwanamume mmoja akisema, angalia, hata machozi hana. Angelia wangesema anaigiza.

Kisha msahafu ukapitishwa chini ya pazia kwangu, umefungwa kitambaa cha kijani. Mama Zaina ndiye aliyeupokea. Nikaweka mkono. Mwalimu akaanza kunitamkia, nami nirudie.

Wallahi.

Wallahi, nikasema.

Sijui.

Nikanyamaza. Akarudia: sijui. Nje jogoo alikuwa anawika saa si yake. Akarudia mara ya tatu. Nikaondoa mkono, nikasema: "Siapi."

Nilidhani sasa neno la Feza limesimama. Ndivyo walivyosema wenyewe. Nilifikiri, basi ni rahisi hivi tu.

Mwalimu akauliza: "Sababu gani, binti yangu?"

"Sabuni," nikasema. Nilitaka kuanzia hapo. Nilikuwa nimepanga kwamba nikianza na sabuni yatakuja mengine yote. "Ile sabuni ya kunukia..."

Bakari akanikata. Akacheka, si kwa ubaya, cheko la kumwonea mtu huruma. "Munasikia? Shemeji analilia sabuni! Jamani, eda imemuchosha mama wa watu." Na wanaume wakacheka, kidogo kidogo, wakijizuia. Kila mtu anajua mjane hagusi sabuni ya kunukia. Nikapaza sauti. Nikasema sikilizeni. Mama Zaina akanikumbatia kichwa kifuani kwake, akanifunika na mtandio, akanibembeleza, nyamaza, mama, nyamaza, watu wanasikia. Mdomo wangu ulikuwa ndani ya kanga yake. Anadhani alinisaidia.

Nilipojitoa, Mwalimu alikuwa amekwisha kusema kwamba aliyepotewa na akili kwa msiba hashikwi na neno lake, na mrithi yeyote anatosha. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilisikia kiti cha yule mtu wa komiseri kikisogea.

Sumaili akaapa. Haraka, bila kukwama, pumzi moja.

Wakamwambia Feza atubu. Kakataa. Wakamwambia aende.

Jumatatu, 14 Mei

Nimemtuma Mama Zaina kwa Mwalimu. Nataka kusema naye, niseme mpaka mwisho. Amejibu nipumzike, atakuja.

Hajaja.

Mama Zaina anasema nisiwe na wasiwasi kuhusu sabuni, siku hazigandi. Nikamwambia si hiyo sabuni. Nikaanza kumweleza, nikafika kwenye kupigwa, akaziba masikio kwa viganja, kweli kabisa, kwa viganja. "Ya ndani ya nyumba ibaki ndani, mama. Muntu amekufa." Hasira zikanijaa nikamwambia atoke. Baadaye akaleta uji. Nikaunywa.

Jumamosi, 19 Mei

Filimbi imelia alfajiri. Mwanangu ndiye shefu. Ameichukua juu ya kabati jana, hakuniomba.

Kufika mchana, habari: Feza kafungwa kasho. Alichelewa salongo. Hakuna aliyetaja kiapo, hakuna aliyetaja matusi. Kachelewa salongo tu. Kasho ileile. Ufunguo uko mfukoni mwa Sumaili.

Nikamwambia Mama Zaina aende akamwambie mwanangu hivi, neno kwa neno: jua likizama Feza yuko ndani, mimi navunja eda. Natoka na nguo zangu nyeupe, napita barabara kuu, nakaa kwenye mlango wa kasho mpaka asubuhi. Kartie nzima itaniona. Atachagua.

Alilia hataki kwenda. Akaenda.

Kamfungulia kabla ya magharibi. Mama Zaina anasema Sumaili hakumtazama usoni, wala Feza hakumtazama, kadenasi tu ndiyo iliyozungumza. Hilo nimeliweza. Moja. Sina furaha nalo. Mwanangu amekula hapa jioni, tumekula sahani moja. Sijui kama alitaka tu kumtisha, au kama angemtuma mlinzi nyumbani. Sijui, na hilo nisingeweza kuliapia upande wowote.

Jumapili, 27 Mei

Feza amehama. Lori la Punia, kwa kaka yake anayechimba mawe huko. Barabara ile mbovu, mvua hizi. Kaondoka na masufuria yake na mtoto wake, yule wa homa, sasa kijana ana ndevu. Hakupita hapa. Simlaumu.

Watu wanasema kama angekuwa na haki asingekimbia. Mama Zaina kayaleta maneno hayo pamoja na bakuli la sombe, majani ya muhogo. Nimemwambia sombe haina chumvi.

Pale alipokuwa anauzia mawese amekwisha kukaa mwingine.

Jumapili, 10 Juni

Ramadhani. Mchana mrefu. Mwalimu anasomesha msikitini baada ya alasiri na upepo ukiwa upande huu namsikia. Leo alisoma juu ya dhuluma. Anasoma vizuri.

Wananisemesha kama mgonjwa. Wanainama, wanataja majina yao kana kwamba nimewasahau. Hadithi ya sabuni imezunguka mji. Wanaisimulia kwa mapenzi, wanasema, alimpenda mumewe mpaka akili ikahama. Nikikanusha wanaitikia ndiyo, mama. Nikinyamaza wanasema afadhali leo katulia.

Binti yangu wa katikati amepata mchumba. Familia nzuri. Nimefurahi, kisha nimejichukia, kisha nimefurahi tena.

Jumapili, 1 Julai

Idi. Sumaili kaniletea kitenge. Alisimama mlangoni, shati limepigwa pasi, beji kifuani. Nilimtazama nikashindwa kupokea upesi. Akaweka kitenge juu ya mkeka, akaondoka.

Ijumaa, 13 Julai

Eda imekwisha leo.

Wanawake walikuja asubuhi na ndoo za maji, hina, nguo mpya. Nguo nyeupe watazitoa sadaka. Walikuwa wachangamfu, wengine walipiga vigelegele. Wakanikalisha kwenye kigoda uani, kanga zimetandazwa pande zote zinifiche. Mkubwa wao akasema, ilivyo desturi, kabla ya maji: "Sema umemusamehe bwana yako, umutoe rohoni."

"Hapana," nikasema. "Simsamehe."

Nilisema wazi. Sikunong'ona. Wakatazamana. Mama Zaina akawaambia kwa sauti ya chini: "Bado anamulilia." Wakaitikia, ee, bado, masikini. Maji yakamwagwa.

Kisha akatoa kitu kwenye pindo la kanga yake, amekificha tangu alipoingia, anatabasamu kama msichana. Kipande cha sabuni. Ya kunukia. Amekitafuta mpaka kwa wauzaji wa stesheni, kasema, maana alikumbuka nilivyokililia mbele ya wanaume. Akakitoa kwenye gazeti, akakitia kiganjani mwangu, akanifunga vidole juu yake.

"Oga, mama. Yamekwisha."

Macho yake yalikuwa na machozi ya upendo. Niliposikia wamegeuka kuandaa hina, nikakiweka ukingoni mwa kisima, nikaoga kwa maji matupu.

Baada ya sala nilitoka. Mara ya kwanza. Nilikwenda mpaka kwenye kasho. Ndogo kuliko nilivyofikiri, kuta za matofali, dirisha hakuna. Ilikuwa wazi, ina kuku ndani. Kadenasi ilikuwa inaning'inia kwenye pete yake. Watu walinisalimia, nikaitikia. Nikarudi nyumbani nikapika chai.

Mikono yangu inanuka sabuni. Niliishika tu.